Salamu Zangu Alizipokea Mama

Siku redio ilipotangaza kwamba mji unafunguliwa, jirani yetu alipiga sufuria kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Watu wa mtaa wetu wa Majengo walitoka barabarani wakakumbatiana ndani ya vumbi la kiangazi, pikipiki zikapiga honi, na baa ya pale kwenye kona ikafungulia muziki kabla mtangazaji hajamaliza kusoma. Mimi nilikuwa chumbani, miguu kwenye kanyagio la cherehani. Niliinuka nikafunga dirisha, nikarudi kukaa. Nilijaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano nikashindwa.

Niliogopa. Sina neno zuri kuliko hilo.

Mimi ni SS. Kwingine ugonjwa huu unaitwa selimundu. Kwetu Goma tunataja herufi hizo mbili tu na kila mtu anaelewa, kisha anakutazama kwa huruma inayokera. Damu yangu haipiti vizuri mwilini, mifupa inauma, na mapafu yangu yamewahi kujaa mara nyingi. Daktari aliyenijua tangu utotoni alimwambia mama, mbele yangu, kana kwamba sikuwepo, kwamba kikohozi kinachomlaza mtu mwingine kitandani, mimi kinaweza kunimaliza. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina cherehani yangu na wateja wangu, lakini maneno hayo aliambiwa mama. Labda alijua nani atayabeba.

Kwa hiyo nisifiche jambo: mimi ile miezi ya kufungwa niliipenda. Miaka yote kabla yake nilikuwa mtu wa kukwepa. Nilikwepa misa iliyojaa, nilikaa mwisho kabisa kwenye vilio vya msiba, nilinawa mikono mpaka wenzangu wakachoka kuningoja. Waliniita madame. Kisha korona ikaja na mji mzima ukaanza kuishi kama mimi. Mpaka wa Rwanda pale Gisenyi ukafungwa, barabara ya Butembo ikafungwa, kanisa likafungwa, na mama mwenye kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akawa anaweka bakuli langoni na kurudi nyuma bila kuambiwa. Hakuna aliyeniita madame tena. Nililala vizuri miezi ile kuliko nilivyowahi kulala.

Sasa walikuwa wanafungua, na hakuna aliyesema watu kama mimi wafanye nini. Redio ilisema maisha yanaendelea. Ya nani, haikusema.

Tuliishi watu watatu: mama, mdogo wangu wa kike, na mimi. Baba alikwisha fariki. Nyumba yetu ni ya mbao, imekalia msingi wa makoro, yale mawe meusi ya volkano, na ukuta wa chumba changu ndio huo huo ukuta wa jiko la nje. Cherehani yangu ilisimama kwenye ukuta huo. Zamani kidogo niliwahi kushikwa na maumivu nikiwa nashona, nikaangukia kitambaa bila kuweza kuita, na mama akanikuta kwa bahati tu. Tangu hapo alikuwa na desturi yake. Cherehani ikinyamaza muda mrefu, anagonga ubao kwa mwiko kutoka jikoni. Nami nazungusha gurudumu la cherehani kidogo, krr, kumwambia niko. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno. Ilianza hivyo ikabaki hivyo.

Mdogo wangu alikuwa anangoja kuolewa. Siku ya mahari ilikuwa imepangwa kabla ya korona, ikaahirishwa, na barabara zilipofunguliwa familia zote mbili ziliona ni kama zimefunguliwa kwa ajili yao. Shangazi akapiga simu kutoka Butembo kwamba ameshapata nafasi kwenye gari. Upande wa bwana harusi, watu wa vilima vya Masisi, wakasema watakuja na ng'ombe wawili na mazungumzo mafupi, jambo ambalo hakuna aliyeliamini.

Ndipo ikaja shida yangu. Katika ukoo wetu mdogo akitangulia kuolewa, dada mkubwa ndiye anayempisha. Anapewa kitenge, anasimama mbele ya wageni, anasema kwa kinywa chake kwamba amempisha mdogo wake, kisha anasalimiana na kila mzee wa upande ule kwa kichwa: upande huu, upande huu, na paji kwa paji. Bila hivyo wageni wanarudi na wasiwasi. Watasema kuna mtu nyumbani aliyebaki na kinyongo, na mtoto wa kwanza akichelewa watajua pa kuelekeza kidole.

Vichwa vya ukoo mzima, pumzi kwa pumzi, na mimi katikati. Nilisema sitoki.

Baba mudogo, mdogo wa marehemu baba, alikuja kunisemesha, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya baba. Alikaa mtaa wa Katindo, na wakati wa Ebola alifanya kazi kwenye kizuizi cha kuingia mjini, pale wasafiri walipokuwa wakinawa na kupimwa joto. Kazi ile ilimpa heshima, na kile kipimajoto chenye umbo la bastola kilimkaa mkononi mpaka leo. Alinunua cha kwake. Nilimkatalia kuingia chumbani, akavuta kiti akakaa nje ya dirisha langu.

"Mutoto wangu," alisema, "hapa tulishinda Ebola. Ebola. Sasa unataka tushindwe na mafua?"

"Baba mudogo, si mafua."

"Sikia. Mimi nitasimama ku mulango mwenyewe. Kila mutu ananawa na klorini, kila mutu ninamupima. Mwenye homa, anarudia kwake. Mwenye haiko na homa, haiko na kitu ya kukupa. Ile tulijifunza kwa kulia, si kwa kusoma."

Na kwa Ebola alikuwa anasema kweli. Mtu asiyeumwa alikuwa hamwambukizi mwenzake. Joto ndilo lilikuwa kengele. Somo hilo liliokoa watu wengi, na sisi wa Goma pamoja na wenzetu wa Butembo na Beni tulilishika kuliko sala za asubuhi. Tuliweza kupokea wageni, kunywa pamoja na kulala chumba kimoja, mradi paji la uso ni baridi. Lakini korona haikuwa hivyo. Redio ilisema mara nyingi kwamba mtu anaweza kuwa nayo huku anacheka, anakula, mwili wake baridi kabisa. Baba mudogo alisikia redio hiyo hiyo. Nadhani hakukuwa na nafasi tena kichwani mwake, somo la kwanza lilikuwa limejaa.

"Ebola ilikuwa mu damu na mu jasho," nilimwambia. "Hii iko mu pumzi. Utapima pumzi na ile bastola yako?"

Haikuwa njia ya kumjibu mzee. Alipangusa vumbi kwenye kiatu chake. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Basi utakaa mu iyo chumba mpaka lini?" aliuliza.

Hilo ndilo swali lililokuwa linanifukuza usingizini. Kama wote wakitoka na mimi nikabaki, ugonjwa hautakwisha, utazunguka tu nje ya mbao zangu ukingoja nichoke. Na nikichoka siku moja tu, inatosha. Wenzangu walihesabu korona kama jambo lililopita. Mimi nilikuwa naiona inakaribia, sasa ndiyo ina barabara.

Mdogo wangu hakubishana. Alikuja akaketi sakafuni nje ya mlango wangu, nikasikia anavuta kamasi.

"Yaya," alisema, neno letu la dada mkubwa, "bamemuuliza mama kama unanichukia."

"Nani amemuuliza?"

"Mama ya ule kijana wangu."

Nilitaka kufungua mlango nimshike. Sikufungua. Siku mbili nyuma alikuwa ameenda sokoni Virunga kununua viatu, akarudi anasimulia jinsi watu walivyojaa. Nilimpenda mdogo wangu nikamwogopa kwa wakati mmoja, na sijui kama aliwahi kuelewa kwamba vitu hivyo viwili vinakaa pamoja.

Mama ndiye aliyekata shauri. Aliingia na chai yangu, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akafunga mlango nyuma yake.

"Utasemea ku dirisha," alisema. "Utafunika pua na kinywa na cache-nez yako, utasema umemupisha, imekwisha. Nitabaambia uko mugonjwa ya mifupa."

"Na vichwa?"

"Vichwa vyako nitavipokea miye. Miye ndiye nilikuzaa, hakuna mwenye atakataa."

Nilishusha pumzi. Ndiyo, nilifurahi. Nilimwona mama kama ukuta mmoja zaidi mbele ya ukuta wa mbao, na ukuta hatuuogopei kwamba utaumwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyebeba magunia ya makala, mkaa wa kupikia, mgongoni hadi uzeeni na kuicheka malaria. Daktari hakuwahi kusema lolote juu ya mapafu ya mama. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Kazi ya kushona nguo za sherehe ilikuwa yangu. Wanawake wa ukoo walichagua kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na kwa kuwa sikutaka mtu aingie kupimwa, mama alitoka na kamba. Alikuwa anampima mtu pale langoni, anafunga kifundo kimoja kwa mabega, kimoja kifua, kimoja kiuno, kimoja nyonga, cha mwisho urefu, kisha ananiletea kamba chumbani na jina la mwenyewe mdomoni. Nilizitundika kwenye misumari ukutani. Baada ya muda niliwajua watu kwa vifundo vyao. Kamba ya mama yake bwana harusi ilikuwa nyembamba kila mahali. Kamba ya Shangazi, aliyefika amejaa vumbi la njia na mzigo wa samaki wa Vitshumbi alionunua Kanyabayonga, ilikuwa na umbali mkubwa sana kati ya mwanzo na kifundo cha nyonga, na mama alinipa huku anabana kicheko.

"Usikate kidogo," aliniambia. "Atapasuka mbele ya bakwe."

Kamba ya mama mwenyewe haikuwepo. Kitambaa chake kilibaki kimekunjwa chini ya cherehani. Kila nilipomkumbusha alisema wageni watangulie, yeye atavaa gauni la Noeli iliyopita. Na kwa kipande kilichobaki niliwashonea wote barakoa, za kijani zenye ndege, nikaziosha, nikazipiga pasi, nikamwambia mama ampe kila mtu mlangoni.

Siku yenyewe nilisimama nyuma ya pazia tangu asubuhi. Baba mudogo alikuwa langoni amevaa koti, ndoo ya maji ya klorini upande mmoja, bastola yake mkononi. Kila aliyefika alinawa, akainua uso kwa adabu, akapigwa paji.

"Baridi," alisema Baba mudogo. "Apite."

Wote walikuwa baridi. Baridi, apite. Baridi, apite. Walivaa barakoa zangu vizuri sana, wakajipanga wakapigwa picha, na baada ya picha wakazishusha chini ya kidevu ili wasalimiane. Maana utamsalimia vipi mtu huku umefunika uso? Ingekuwa dharau. Nimezikumbuka barakoa zile mara nyingi, jinsi zilivyopendeza chini ya videvu.

Kisha vikaanza vichwa. Upande huu, upande huu, paji. Wazee wa Masisi wana salamu za taratibu, wanashika mkono wakati wote na kuuliza habari za nyumba, za ng'ombe, za njia, uso kwa uso. Mama alikuwa amevaa barakoa yake. Mzee wa kwanza aliishusha mwenyewe, kwa upole, kwa kidole kimoja.

"Mama, tukuone," alisema.

Mama hakuipandisha tena.

Zamu yangu ilipofika niliinua pazia. Ua mzima uligeuka. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, barakoa mbili moja juu ya nyingine, na jasho linanishuka mgongoni. Nilisema nimempisha mdogo wangu, aende na amani, na atakapozaa watoto nitawashonea mimi. Hilo la mwisho sikulipanga. Wanawake wakapiga vigelegele, mdogo wangu akalia na kucheka pamoja, na mama yake bwana harusi akainuka kutoka kwenye kiti chake aje dirishani anipe kichwa.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga cherehani. Mama alikuwa ameshafika. Alisimama kati ya yule mama na dirisha langu, akafungua mikono.

"Njo hapa," alisema. "Huyu mifupa inamuuma. Salamu yake iko kwangu."

Yule mama alimsalimia. Baada yake wakaja dada zake, kisha wazee, mmoja mmoja, kwa sababu sasa ilikuwa imejulikana kwamba salamu za dada mkubwa zinapokelewa na mama yake, na hakuna aliyetaka kuonekana ameniruka. Mama alisalimiwa mara ya pili na watu wale wale. Mara ya kwanza kwa ajili yake, mara hii kwa ajili yangu.

Shangazi yeye hakutaka dirisha. Alizunguka nyumba akaja hadi mlango wa chumba changu, nikasikia anakohoa koridoni, kikohozi kikavu.

"Vumbi ya njia," alisema. Kisha akagonga. "Mutoto wa kaka yangu, fungua. Niko baridi. Baba mudogo wako amenipima mara mbili."

Nilishika komeo kwa mikono yote miwili. Shangazi alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alikesha na mimi hospitalini, alikuwa na haki ya mlango ule kuliko mtu yeyote. Nilisikia hatua za mama zikija haraka, kisha sauti yake ya chini, kisha Shangazi akaanza kulia, na kilio cha Shangazi kilififia ghafla kama mtu aliyeweka uso kwenye bega la mwenzake. Walikaa hivyo muda mrefu, upande wa pili wa ubao. Shangazi alikohoa tena humo humo begani.

Wageni waliondoka wameridhika. Mdogo wangu alikwenda kukaa kwa Baba mudogo kungoja ndoa ya kanisani, Shangazi akarudi Butembo, na tukabaki mimi na mama na sahani za kuosha. Mimi nilianza kujisikiliza. Kila asubuhi kabla sijafungua macho nilivuta pumzi mpaka mwisho, nikangoja maumivu. Niligusa paji langu, nikagusa koo. Sikupata kitu. Siku zikapita sikupata kitu, nikaanza kuthubutu kudhani kwamba tumevuka.

Mama alikuwa na kikohozi kidogo. Vumbi, alisema. Kiangazi Goma kila mtu anakohoa, ule unga mweusi wa barabarani unaingia hata ndani ya sukari. Baba mudogo alipopita kutuletea unga alimpiga bastola palepale langoni. Baridi.

Kisha nilikuwa nashona, na nikasikia harufu ya sombe, majani ya muhogo, inaungua. Ilikuwa harufu kali, ya sufuria iliyokauka kabisa, na moshi ulianza kupenya katikati ya mbao. Nilidhani mama ametoka kwa jirani. Nikaweka jicho kwenye ufa. Alikuwa amesimama pale pale, mbele ya makala, mwiko mkononi, anatazama nje. Moshi ulikuwa unampita usoni.

"Mama," niliita. "Sombe inaungua."

Aligeuka, akaangalia sufuria, akainama juu yake.

"Wapi?" alisema. "Sisikie harufu ya kitu."

Redio ilikuwa imetuambia alama hiyo. Tuliisikia pamoja, sisi wawili, tukiwa tunachambua maharage, na mama alicheka kwamba ugonjwa gani huu unaiba pua. Niliona kupitia ufa kwamba na yeye amekumbuka. Aliweka mwiko chini taratibu. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akiuacha ukuta wangu, mpaka mgongo wake ukagusa upande wa pili wa jiko. Hofu yote niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya kifua changu ilihamia kwake, na kwake ilikuwa kubwa zaidi, kwa maana kwangu nilikuwa nimeizoea.

Hakuingia tena ndani ya nyumba. Alitandika mkeka jikoni, akazuia mlango wa nje kwa gunia, na nilipomlilia aingie alale kitandani kwake alinijibu kwa ukali ambao sikuuzoea.

"Ukifungua mulango huo, kazi yangu yote umeitupa."

Mdogo wangu alikuwa analeta chakula langoni na kukisukuma kwa fimbo. Mimi nilishona. Sikuwa na kazi ya mteja. Nilishona vipande vya ovyo, nikavifumua, nikavishona tena, kwa sababu mama alisema sauti ya cherehani inamlaza vizuri. Nilipochoka nilisimama, nami ndiye niliyekuwa nagonga ubao sasa. Yeye alijibu kwa kukohoa. Mwanzoni alikohoa makusudi, kunitania. Baadaye sikuweza kutofautisha.

Homa ilipokuja, Baba mudogo alipima kutoka mbali kadiri mkono ulivyofika, akaangalia namba. Alikwenda kutafuta watu wa hospitali. Wangekuja kesho yake, gari lilikuwa moja tu.

Jioni hiyo kitu kilipenya kwenye ufa wa mbao, kikaangukia meza yangu. Ilikuwa kamba. Ilikuwa na vifundo.

"Nishonee ile yangu," alisema mama upande wa pili. Alipumzika kati ya maneno. "Kesho nitatoka mbele ya bajirani. Sitaki baseme nimebebwa kama mutu ya Ebola. Nitatoka nimevaa."

"Mama, vipimo vyako navijua."

"Haujui. Nimekonda. Fuata kamba."

Niliisafisha kamba ile kwa sabuni, nikaitandaza juu ya kitambaa cha kijani. Nilikuwa nimemshonea mama nguo zote tangu nijue cherehani. Kutoka mwanzo wa kamba hadi kifundo cha kifua palikuwa pafupi mno, nikadhani ameteleza, nikapima tena. Kiuno nacho. Nilishona huku naona vibaya kwa machozi, nikakosea mkono mmoja, nikafumua, nikarudia. Nilipomaliza nililipiga gauni pasi, nikalikunja dogo kabisa, nikalipitisha juu ya ukuta pale paa linapoachia nafasi. Alilipokea. Nilimsikia anakohoa na kucheka kidogo kwa ajili ya wale ndege.

Alikufa hospitalini kabla juma halijaisha. Sikumzika, waliniambia nisithubutu kusogea, na nilitii kwa kuwa alikuwa ameniamuru hivyo. Shangazi aliumwa Butembo, akapona, na mpaka leo akinipigia simu tunazungumza juu ya hali ya hewa. Mimi sikuumwa hata mafua.

Kwa hiyo mara ya mwisho kumwona ni asubuhi ile walipokuja kumchukua. Nilikuwa dirishani. Watu wawili waliovaa nguo nyeupe walisimama langoni, na Baba mudogo kando yao ameshika bastola yake chini, hamwelekezei mtu. Majirani walikuwa juu ya mawe wanatazama. Mama alitoka jikoni kwa miguu yake, amevaa gauni la kijani na barakoa ya ndege imepanda vizuri hadi machoni. Walimwambia aharakishe. Alifika katikati ya ua, akasimama mbali na dirisha langu, akafungua mikono kidogo kama wanavyofanya wateja, akageuka polepole mpaka nikaona mgongo, kisha akanirudia uso.

"Iko sawa?" aliuliza.

Bega la kushoto lilikuwa linaanguka. Alikuwa amekonda tena tangu aliponipitishia kamba.

"Iko sawa, mama," nilisema.